Injini Inayodhani Bado Ni Alfajiri

Tinde ni njia panda. Malori yanayotoka Dar es Salaam, yakishaiacha Nzega nyuma, hufika hapa yakagawana: mengine hushika njia ya Shinyanga na Mwanza, mengine hukata kuelekea Isaka, Kahama na hatimaye Rwanda, Burundi na Kongo. Dereva wa lori lenye matangi ya mamia ya lita hana shida kubwa na sheli za Tinde. Wenye shida ni watu wa magari madogo ya fo-bai-fo: Jimny, Escudo, Terios, RAV4 za zamani. Ni magari ambayo leo yako kwenye lami, kesho kwenye udongo mweusi wa mbuga, keshokutwa kwenye vumbi la njia za machimbo huko Kakola au Geita. Bwana shamba analo, mnunuzi wa mpunga analo, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu analo. Wote wakifika kwa fundi, lalamiko ni lile lile: gari linakunywa wese.

Lalamiko hilo laweza kuwa kweli, laweza lisiwe. Wengi wetu hatununui mafuta kwa lita, tunanunua kwa shilingi. "Weka ya elfu thelathini." EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hiyo hutofautiana wilaya kwa wilaya kufuatana na umbali kutoka bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Tuseme mwezi uliopita lita ilikuwa shilingi 3,000, mwezi huu 3,300. Elfu thelathini yako ilikuwa lita 10, sasa ni lita 9 na kidogo. Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, umepungukiwa karibu kilomita 11, na injini haina habari. Mtu kama huyu akienda gereji atabadilishiwa plagi zilizokuwa nzima.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kalamu. Jaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe, rudisha trip kwenye sifuri, tembea. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka likate, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Usifanye hesabu hii kwenye lita 10. Bomba hukata mapema au kuchelewa, na kosa la lita moja kwenye lita 10 ni asilimia 10 nzima, lakini kwenye lita 30 ni asilimia 3 tu. Angalia pia kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Wanaoilaumu sheli kwa mafuta kuchanganywa na ya taa wana sababu ya kihistoria, maana vinasaba viliwekwa kwenye mafuta kwa sababu ya mchezo huo, ila mchanganyiko ule kwa kawaida hujitangaza kwa injini kugonga na kukosa nguvu kabla hujafika kwenye hesabu za kilomita.

Kuna kosa jingine ambalo wenye magari ya kazi hulifanya kwa kujipendezesha. Jimny ya cc 1300 ilitoka kiwandani na tairi za 205/70R15. Mtu anafunga 215/75R15 ili gari lisimame juu, lipite kwenye matope bila kugusa tumbo. Piga hesabu ya vipimo hivyo: kipenyo cha kwanza ni milimita 668, cha pili kama 703. Tairi mpya ni kubwa kwa asilimia 5, lakini mita ya kilomita inahesabu mizunguko ya tairi na haijui kwamba mzunguko umerefuka. Gari likienda kilomita 315 linaandika 300. Mwenye gari anasema ulaji umepanda, na sehemu ya upandaji huo iko kwenye mita. Ramani ya simu itakuonyesha tofauti kabla hujafika Isaka.

Baada ya hapo ndipo unaweza kusema gari linaumwa. Kwa vipimo rasmi vya Ulaya, Jimny ya cc 1300 hutumia lita 7 na nukta chache kwa kilomita 100, yaani kilomita 13 hadi 14 kwa lita. Gari lenye umri wake, lenye mzigo, likikupa 11 au 12, lishukuru. Likikupa 8 kwenye lami tupu, mafuta yanapotea mahali.

Katika ukanda huu mtuhumiwa wa kwanza huwa eafilta, na ukiona vumbi la barabara ya machimbo wakati wa kiangazi unaelewa kwa nini. Fundi huichomoa, huipiga chini mara mbili, linatoka wingu jekundu, na kesi inaonekana imekwisha. Mwaka 2009 watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, waliamua kuipeleka kesi hiyo kwenye vipimo. Walichukua magari yenye mfumo wa nozeli unaoendeshwa na kompyuta, wakaziba eafilta zake kwa makusudi, wakapima mafuta. Ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopotea ni wepesi: gari lilichelewa kuchukua mwendo. Sababu yake inaeleweka ukikumbuka kwamba kompyuta ya gari, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi, hupima hewa inayoingia na kutoa petroli ya kutosha hewa hiyo. Hewa ikipungua, petroli nayo inapunguzwa. Kwenye magari ya kabureta hali ni tofauti, yale huongeza ulaji kwa asilimia chache eafilta ikiziba. Badilisha eafilta yako kwa sababu nyingine kabisa: vumbi likipenya linasaga ringi na kuta za silinda, na hilo halirekebishiki kwa bei ya eafilta.

Mwenye Suzuki Samurai ya kabureta ana jambo lake dogo la pembeni. Mkoa wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya bandarini huku itamwaga petroli kupita kiasi, mpaka fundi anayeijua aipunguze. Magari ya nozeli yana sensa inayolisahihisha hilo yenyewe.

Sasa tufike kwenye joto, ambako ndiko ninakoona fedha nyingi zikimwagika, tena kwa idhini ya mwenye gari.

Kisa huanza hivi. Gari limechemsha njiani. Fundi anafungua, anakuta kijichuma cha duara chenye springi kimekwama kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Anakitoa, anakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, anafunga mpira wa rejeta. Gari halichemshi tena. "Bosi, hii themostati ni ya nchi za baridi. Huku kwetu joto lipo la kutosha." Mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Nimeisikia sentensi hiyo kwenye gereji nyingi kiasi kwamba naihesabu kama sehemu ya mafunzo ya ufundi.

Ubaya wake ni kwamba inasikika kama akili. Lakini weka tarakimu. Mchana wa Tinde ni nyuzi 30 na kitu. Injini ya petroli inataka maji yake yawe karibu na nyuzi 90. Kwa injini, nyuzi 30 ni baridi, na tofauti kati ya mchana wa Tinde na asubuhi ya theluji huko Japani ni ndogo kuliko tofauti kati ya mchana wa Tinde na joto ambalo injini inalitafuta.

Inalitafuta kwa nini? Petroli si kimiminika kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi vinavyoanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi na vizito visivyogeuka mvuke mpaka nyuzi 200 au karibu yake. Ndani ya silinda kinachowaka vizuri ni mvuke. Injini ikiwa baridi, vile vyepesi tu ndivyo vinageuka mvuke, vingine vinabaki matone kwenye kuta za chuma. Ili mvuke utoshe, kontrol boksi haina njia ila kumwaga petroli zaidi, ikijua kwamba sehemu yake haitawaka. Kwa dakika chache za asubuhi hilo ni sawa, limepangwa hivyo kiwandani. Tatizo ni injini ambayo asubuhi yake haiishi.

Gari lisilo na themostati liko katika hali hiyo. Maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, na ukikamata lami ya Nzega kwa mwendo wa 90 upepo unaipooza rejeta kuliko injini inavyoweza kuyapasha maji. Mshale wa temperecha unakaa chini, dereva anausifu. Kontrol boksi inasoma nyuzi 60 na kitu pale ilipotegemea 88, inazidi kuongeza petroli ya alfajiri saa saba mchana. Oili nayo haifikii wepesi wake, kwa hiyo injini inajisukuma yenyewe kwa nguvu zaidi. Kama gari ni otomatiki kuna hasara ya tatu ambayo wengi hawaijui: otomatiki nyingi za Kijapani zimepangwa zisiingie gia ya juu kabisa, au zisiifunge sawasawa, mpaka maji yafike joto fulani. Gari linakwenda safari nzima likilia kwa mizunguko mingi, na dereva anadhani gia boksi imechoka.

Hapa pana dalili nzuri ya uchunguzi, nzuri kwa sababu inakwenda kinyume na mazoea. Gari la kawaida hutumia mafuta machache kwenye safari ndefu kuliko kwenye kona za mjini. Gari lisilo na themostati hupunguza au hupoteza kabisa tofauti hiyo, kwa kuwa kwenye mwendo wa polepole, kwenye mashimo na foleni, upepo hauipozi sana rejeta na injini hupata joto lake. Mtu akikuambia Escudo yake inakula zaidi kwenye lami kuliko kwenye njia mbovu ya machimbo, usimbishie. Mwulize gari lilichemsha lini mara ya mwisho na nani alilifungua.

Jaribio lenyewe halihitaji mashine. Asubuhi, gari likiwa limelala, washa injini na uweke kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta, mbali na feni na mikanda. Themostati ikiwapo na ikiwa nzima, mpira utabaki wa baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto, halafu ghafla utakuwa wa moto kiasi cha kukufanya utoe mkono. Isipokuwapo, au ikiwa imekwama wazi, mpira utapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, sambamba na injini. Kwenye injini ambazo themostati iko upande wa chini, shika mpira wa chini. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, maji yaliyomo yamebanwa na yatakuruka usoni.

Kijichuma chenyewe kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Hakina waya, hakina umeme. Katikati kuna kikopo cha shaba kilichojaa nta. Katika miaka ya 1930 mvumbuzi aliyeitwa Sergius Vernet, akifanya kazi Marekani, alitumia tabia moja ya nta: inapoyeyuka hutanuka kwa nguvu kubwa, na ukichagua nta yako vizuri utachagua pia joto ambalo hilo litatokea. Nta ikitanuka inasukuma kijiti, kijiti kinafungua mlango, maji yanapita. Yakipoa, nta inaganda, springi inarudisha mlango. Kwenye ukingo wa chuma kumegongwa tarakimu, mara nyingi 82 au 88. Ndizo nyuzi ambazo mlango unaanza kufunguka.

Ukinunua themostati Kahama au Shinyanga mjini, ijaribu kabla hujaifunga, maana za bandia zipo. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, washa jiko. Kama una kipimajoto utaona mlango ukianza kuachia karibu na tarakimu iliyogongwa na kufunguka wote nyuzi kumi na kidogo mbele yake. Kama huna, mwinuko wa Tinde unakusaidia: huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama pwani. Themostati ya 82 lazima iwe wazi kabisa maji yanapochemka. Ikibaki imefumba kwenye maji yanayotokota, irudishe dukani. Ikiwa wazi ilhali maji bado ya baridi, nayo irudishe.

Fundi aliyeitupa ile ya zamani hakuwa mjinga. Aliona dalili na akaiondoa. Kilichoikwamisha themostati mara nyingi ni maji ya kisima yaliyotiwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, kutu na magadi vikajenga tabaka. Hata maji safi ya Ziwa Victoria yanayoletwa Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele hayana dawa ya kuzuia kutu. Dawa hiyo iko kwenye kulanti. Na kuna injini ambazo kuondoa themostati huzifanya zichemshe zaidi: zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta, na themostati ndiyo inayoifunga njia hiyo ikishafunguka. Ukiitoa, mkato unabaki wazi daima, na kwenye mlima au kwenye matope mazito maji mengi yanazunguka bila kupoozwa.

Lakini yawezekana themostati ipo, nzima, na bado kontrol boksi inaamini ni alfajiri. Kontrol boksi haigusi maji. Inaambiwa joto na sensa ndogo iliyofungwa kwenye njia ya maji, na sensa hiyo inatumia jambo ambalo Michael Faraday aliliona London mwaka 1833. Alikuwa akipitisha umeme kwenye madini yenye fedha na salfa. Metali alizozijua, ukizipasha moto, huupinga umeme zaidi. Madini haya yalifanya kinyume: kadiri yalivyopata moto ndivyo yalivyoruhusu umeme. Hakuwa na maelezo, aliandika alichokiona. Karne moja baadaye tabia hiyo ikatengenezewa vipimajoto vya umeme, na leo kimojawapo kiko kwenye kila injini ya nozeli. Kikiwa kwenye nyuzi 20 ukinzani wake huwa kama omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye nyuzi 80 hushuka mpaka omu 300 hivi. Kontrol boksi inasoma ukinzani, inageuza kuwa joto.

Ona sasa kutu inafanya nini. Soketi ya sensa hiyo imeingia maji ya matope, pini zimeota ukoko wa kijani. Ukoko unaongeza ukinzani kwenye waya. Kontrol boksi haiwezi kujua kwamba nyongeza imetoka kwenye ukoko, inachoona ni omu nyingi, na omu nyingi maana yake baridi. Inamwaga petroli. Gari limepita kwenye mto wa msimu mara tatu, na sasa linakula mafuta kwa sababu ya uchafu usiojaza kijiko. Kusafisha soketi hiyo ni kazi ya dakika tano.

Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kinachozungumza na simu, kitakuonyesha tarakimu ambayo kontrol boksi inaiamini. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 hukikubali, ya kabla ya hapo yana mambo yake. Kitumie asubuhi kabla hujawasha injini, ufunguo ukiwa umefunguliwa tu. Gari limelala usiku kucha, kwa hiyo joto la maji na joto la hewa inayoingia lazima yakaribiane, na yote mawili yafanane na asubuhi unayoihisi kwenye ngozi. Hewa ikisoma 21 na maji yakisoma 5, hakuna haja ya kubishana: nyuzi 5 Tinde ingekuwa habari ya gazetini. Halafu endesha, angalia maji yanafika wapi. Yakigoma kwenye 60 na kitu ilhali soketi ni safi, rudi kwenye themostati. Msimbo wa hitilafu P0128 nao unasema hivyo hivyo, kwamba maji hayafiki joto lililotegemewa, ingawa magari mengi ya mtumba hayawashi taa kwa kosa hilo.

Joto likishakaa sawa ndipo kontrol boksi inaanza kuisikiliza sensa ya pili, ile ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la ekzosi. Petroli inahitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ili viishe pamoja. Sensa inanusa kama kuna oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ndani yake mna udongo wa kauri uitwao zirkonia ambao, ukipashwa kupita nyuzi 300 hivi, hupitisha oksijeni katika umbo la chaji za umeme. Upande mmoja una moshi, wa pili una hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni kati yao inazalisha volti. Moshi ukikosa oksijeni, yaani petroli imezidi, inatoa karibu volti 0.9. Oksijeni ikizidi, inashuka hadi 0.1. Mjerumani Walther Nernst aliandika kanuni ya volti za aina hiyo mwaka 1889, na miaka kumi baadaye alikuwa akitengeneza taa kwa kauri ya jamii hiyo hiyo. Fedha za taa alizitumia, pamoja na mambo mengine, kununua magari, ambayo aliyapenda sana. Hakuishi kuona kauri yake ikifungwa kwenye ekzosi. Hilo lilianza mwaka 1976, Bosch ilipoanza kuzalisha sensa hizo kwa magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zimekaza.

Sheria hizo ndizo zilizoleta masega, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye bomba la ekzosi, na masega yameleta balaa lake huku. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na katika ukanda ambao kila mtu anajua thamani ya gramu, chuma kama hicho hakikai salama. Yanakatwa, yanauzwa, pengo linachomelewa kipande cha bomba. Kama kuchomelea ni kwa haraka panabaki tundu dogo karibu na sensa, au nyufa kwenye manifodi kutokana na kugongwa. Moshi hautoki kwa mkondo laini, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje kupitia tundu. Sensa inanusa oksijeni. Inaripoti kwamba petroli ni pungufu, na kontrol boksi kwa utiifu inaongeza petroli ambayo haikuhitajika. Unaweza kununua sensa mpya na kosa likabaki, kwa sababu ya zamani ilikuwa inasema kweli kuhusu hewa iliyoinusa. Sikiliza mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, tafuta masizi meusi kuzunguka maungio. Wizara ya Nishati ya Marekani husema kwamba kurekebisha kasoro kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuboresha ulaji kwa hadi asilimia 40. Ni "hadi", si ahadi.

Na mpangilio wa matengenezo una maana. Gari lisilo na themostati humwaga petroli isiyoungua, petroli hiyo inakuwa masizi, masizi yanaipaka sensa ya oksijeni na kuziweka plagi nyeusi tii. Fundi anaona plagi, anabadilisha plagi. Anasoma msimbo wa sensa, anauza sensa. Baada ya miezi michache zote zimekuwa nyeusi tena. Silikoni ya kubandikia gasketi ikitumiwa bila kiasi nayo inaiua sensa, mvuke wake huacha utando juu ya kauri. Chomoa kijiti cha oili unuse: harufu kali ya petroli inakuambia kuna silinda zinazooshwa, na oili hiyo imwagwe hata kama kilomita zake hazijafika.

Yaliyobaki ni ya chini ya gari, na hayana siri kubwa. Jimny na Escudo nyingi za zamani zina fo-bai-fo ya kuingiza kwa mkono au kwa swichi. Ukiiingiza, mhimili wa mbele na wa nyuma hulazimishwa kuzunguka sawa, wakati kwenye kona tairi za mbele hupita njia ndefu zaidi. Kwenye matope tairi zinateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami hazitelezi, zinasagana, usukani unakaza, petroli inaisha kwa kusugua tairi zako mwenyewe. Watu hutoka mbugani na kuisahau mpaka Shinyanga. Samurai ina vitovu vya mbele vya kuzungusha kwa mkono vyenye maandishi FREE na LOCK, kimoja kikibaki LOCK shafti za mbele zitazunguka safari nzima bure. Breki nazo: simamisha gari baada ya mwendo mrefu bila kukanyaga sana breki, pitisha mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kalipa yake haiachii. Upepo wa tairi pimisha asubuhi zikiwa za baridi, kwa tarakimu iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango.

Halafu lipo la umbo. Magari haya yana uso wa boksi, na ukiyapandishia juu keria lenye tairi la akiba na madumu, umeongeza boksi jingine. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 80 hadi 110 inakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo ukishafunga themostati, ukasafisha soketi, ukaziba ekzosi, pima tena kwa mwendo ule ule wa mwanzo, keria likiwa kama lilivyokuwa, kwenda na kurudi kwa barabara moja ili upepo wa kwenda na wa kurudi ufutane. Tinde hadi Nzega na kurudi, urudie mpaka lita zikaribie 30, jaza, gawanya. Ndipo uguse keria.